Hii Kitu Hukula Risasi na Haidedi: Kutana na Laikeni

Ushaona yale madoadoa ya kijivu, kijani ama manjano yamejibandika kwa magome ya miti na mawe? Wasee wengi hudhani ni uchafu, ama mti ni mgonjwa. Zii. Hiyo ni laikeni, na inajua kuishi na sumu kuliko wewe.

Kwanza shika hii: laikeni si mmea. Ni kuvu na mwani wameamua kuishi keja moja. Kuvu anajenga nyumba na kushika maji, mwani anapika chakula na jua. Ndio maana kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa kuvumwani.

Shida ni moja. Haina mizizi, na haina ile ngozi ya nta huwa kwa majani. Chakula yake inatoka kwa mvua, umande na vumbi. Hewa ikileta risasi (ile madini, si ya bunduki), kadimi, shaba ama zinki, inafyonza zote. Haina mdomo wa kufunga.

Hizo metali zikiingia kwa seli ni noma. Zinaharibu vimeng'enya na utando wa seli. Klorofili ya mwani ikichomeka, jiko limezima na wote wawili wanalala njaa.

Sasa inasurvive aje?

1. Inazuia mlangoni. Ukuta wa seli za kuvu unadaka metali nyingi kabla ziingie ndani.

2. Inafungia sumu. Kuvu anatoa asidi oksaliki, inashikana na metali kama shaba na kuwa chumvi ngumu isiyoyeyuka. Sumu inabaki hapo lakini haina makali.

3. Inapigana ndani. Zile zimepenya zinapata mwani ametengeneza fitokelatini, vijinyuzi vya protini vya kukamata kadimi. Glutathioni nayo inatuliza uharibifu.

Kuna moja inaitwa Acarospora sinopica, inamea kwa mawe na taka za migodi zenye chuma kibao. Imejaa chuma hadi imegeuka rangi ya kutu, na bado iko.

Lakini si zote ni ngumu hivyo. Nyingi hewa ikichafuka zinadedi mapema. Mwaka wa 1866, mtaalamu William Nylander aliona laikeni zimejaa kwa bustani moja ya Paris, na kwingine mjini zimepotea. Mwaka wa 1997, utafiti wa eneo la Veneto, Italia, ulionyesha kwamba mahali aina za laikeni ni chache, wanaume ambao hawajazeeka walikuwa wanakufa zaidi na kansa ya mapafu. Si ati laikeni inazuia kansa. Ni vile wote walikuwa wanavuta hewa moja.

Hapa kwetu tunajua stori ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi kwa mtaa, na ushahidi ukapatikana kwa damu ya watoto. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Na kuna njia ya kujua mapema. Wanasayansi huchukua laikeni kutoka msitu safi, wanaiweka kwa wavu, wanaining'iniza karibu na kiwanda ama barabara. Baada ya wiki kadhaa inaenda maabara, na inataja kila metali imekula.

Laikeni imejipanga na kuta zake na oksalati. Mtoto wa mtaani hana hizo, na hakuna kiwango cha risasi kwa damu yake kinajulikana kuwa salama. Heri tuulize mti kabla tuanze kumdunga sindano.