Ruger ama Kel-Tec? Acha bega liamue

Uko Marekani, una grini kadi, na wikendi unapenda kulenga shabaha. Kama uko huko kwa viza ya masomo, pole: kwa kawaida sheria haikuruhusu kumiliki bunduki.

Chapaa zinatosha moja tu: Ruger PC Carbine ama Kel-Tec Sub-2000? Zote hutumia risasi za bastola, milimita 9, na zote hutoshea begi. Ruger hutenganishwa vipande viwili, Kel-Tec hukunjwa katikati.

Usidanganywe na wepesi. Kel-Tec ina karibu kilo 2, Ruger imepita 3. Kubeba, nyepesi ni tamu. Lakini fyatua risasi mia moja uone: teke lake utalisikia begani, ilhali ile nzito imetulia. Kodisha zote kwanza, kisha ununue.