Kwa Nini Mama wa Sokoni Busia Husema "Sijui Kiswahili"?

Mwanafunzi anayekwenda Busia kukusanya data ya isimujamii huweza kukumbana na fumbo siku ya kwanza tu. Upande wa Uganda anamkuta mama anayeuza dagaa. Anamsalimu, anafungua daftari, kisha anauliza kwa Kiswahili safi: "Unatoka wapi? Bidhaa hizi umezinunua wapi?" Mama anamjibu kwa Kiganda au Kiingereza kwamba hajui Kiswahili. Dakika chache baadaye anafika mnunuzi kutoka upande wa Kenya. Mama yule yule anapatana naye bei kwa Kiswahili, anamtania, anamrudishia chenji, wala hakwami hata neno moja.

Mwanafunzi anaandika: "Mhojiwa si mkweli." Wengine huandika kuwa watu wa Uganda hawakipendi Kiswahili. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba hitimisho zote mbili ni za haraka. Mama hakudanganya kuhusu lugha. Alijibu swali jingine, ambalo mwanafunzi hakujua kwamba ameliuliza.

Tuanze na historia. Nchini Uganda Kiswahili hakikuenea kwa njia moja. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Gavana William Gowers alipotaka kukipa nafasi kubwa zaidi mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga hadharani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi tangazo hilo lilikifunga Kiswahili zaidi na sare ya askari. Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya wanajeshi mjini Kampala ilipewa jina la "panda gari". Mwalimu wa sarufi ataona hapo kitenzi katika hali ya kuamuru pamoja na yambwa yake. Mzee aliyeishi nyakati hizo atakumbuka jirani aliyepandishwa gari asirudi. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mpakani pana sababu ya pili. Wasamia wako Kenya na Uganda; Wateso vilevile. Mpaka ulipita katikati ya jamaa, na biashara haikungoja ruhusa. Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoporomoka, kahawa ilivushwa kwenda Kenya kwa siri, na neno "magendo" likawa la kila siku. Hata leo watu husema "njia za panya" kwa vijia vinavyokwepa forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha taratibu, lakini mchuuzi mwenye mzigo mdogo bado huogopa maswali.

Hebu sasa tuyasikilize upya maswali ya mwanafunzi wetu. Unatoka wapi? Umenunua wapi? Hayo ndiyo maswali ya ofisa. Tena, kadiri Kiswahili cha mwanafunzi kinavyokuwa sanifu, ndivyo anavyozidi kufanana na serikali. Mnunuzi wa Kenya alikuja na lugha ya sokoni, yenye mzaha na vineno vya Kisamia ndani yake. Kwa hiyo "sijui Kiswahili" maana yake ni "sijui wewe ni nani". Kwa mtazamo wa pragmatiki, mama alikuwa akifunga mlango kwa adabu.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni aibu. Mtu wa Uganda akizungumza Kiswahili upande wa Kenya, lafudhi yake humtambulisha mara moja kuwa mgeni. Anaweza kuchekwa au kutajiwa bei ya mgeni. Akitumia Kiingereza, anakuwa mtu aliyesoma. Mara nyingi wanafunzi wanaonyamaza darasani wanaogopa kicheko, nasi walimu tunadhani ni uvivu.

Tukifika Tororo tunakuta kinyume chake. Huko huweza kutokea wazungumzaji wawili wa lugha moja wakaongea Kiswahili mbele ya watu. Kwa nini waiache lugha ya mama? Tororo ni mji wa reli, wa kiwanda cha saruji na wa kambi ya jeshi. Watu wa makabila mengi wamefanya kazi pamoja huko. Aidha, Wajopadhola na Wateso wamevutana kwa miaka mingi kuhusu kugawanywa kwa wilaya. Katika hali hiyo, kuteta kwa Kiteso au Kidhopadhola mbele ya jirani asiyeijua lugha hiyo kunaweza kuchukuliwa kuwa kumsengenya. Kiswahili hakina upande katika ugomvi huo. Lugha inayotisha Busia inaweza kuleta amani Tororo, na mzungumzaji anaweza kuwa mtu mmoja katika sehemu zote mbili.

Jambo hili lina uzito kwetu walimu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Tukiingia darasani na "Simama! Kaa! Andika! Leta!" tutakuwa tunafundisha tena kile Kiswahili ambacho wazazi wa watoto hao walikikimbia.

Tunapendekeza mambo matatu kwa wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha au utafiti mpakani. Kwanza, fundisha mapema dhamiri tegemezi na lugha ya kuomba: "naomba unipatie", "tafadhali nisaidie". Pili, nunua kitu kabla ya kuuliza, na ueleze wewe ni nani kabla ya kufungua daftari. Tatu, mtu akisema hajui Kiswahili, usiandike kwanza kuhusu yeye. Andika ulimuuliza nini, kwa sauti gani, na nani alikuwa amesimama karibu.

Baada ya hapo rudi kesho yake, useme: "Habari ya leo, mama. Naomba unipimie dagaa." Huenda ukashangaa jinsi Kiswahili chake kilivyo kizuri.