Mwindo, baba yake, na pesa ya hospitali



Mkutano wetu wa Jumamosi iliyopita ulikawia. Mitumbwi ya motere ya mwisho ilikuwa imekwisha kuvuka kwenda Alunguli, na wenzetu wa ng'ambo wakalala hapa Kasuku kwa jamaa. Kuna waume waliokasirika. Basi tuwaeleze kilichotukawiza, kwa ruhusa ya mama mwenye jambo, aliyetuambia: andikeni, ila jina langu liacheni.

Mama huyu alisimama akaomba mkopo katika kisanduku chetu. Si mkopo wa chumvi wala wa mafuta ya mawese. Alitaka pesa ya kumpasulisha baba yake, ambaye aliletwa kwa pikipiki kutoka njia ya Kibombo na ngiri iliyojinyonga. Daktari alikuwa amesema neno moja tu: usiku huu usipite. Na hospitali, kama tunavyojua wote, inataka kuona pesa ya kwanza kabla kisu hakijatoka.

Mtu angesema hapo hakuna la kujadili, baba ni baba. Lakini wakubwa katika chama wanamjua baba huyo. Ni yeye aliyemfukuza mama wa mwenzetu kwa sababu alizaa wasichana wanne mfululizo. Vyombo vilitupwa nje mvua ikinyesha, kitanda, sufuria, hata nepi za mtoto. Mtoto wa nne alikuwa bado ananyonya. Hakuumaliza mwaka ule. Baba hakuja kilioni, na tangu siku ile hakutuma hata debe la muhogo. Mwenzetu alisoma kwa pesa ya mama yake aliyechuuza samaki kandokando ya mto, na mama yule amekwisha kufa.

Alipomaliza kuomba, yeye mwenyewe akaongeza: «Ninyi mkikataa, mtakuwa mmenisaidia pia.» Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Wengine walisema apewe mara moja, damu haikatwi kwa panga. Wengine walisema kisanduku ni cha wanawake, na pesa ya wanawake haiwezi kumponya mtu aliyeua mtoto mchanga kwa baridi. Mama mmoja alilia kabisa, kwa sababu ya mambo yake ya nyumbani ambayo si ya karatasi hii. Katikati ya kelele hizo, bibi mmoja aliyezaliwa upande wa Lubutu, karibu na mpaka wa Walikale, akasema polepole: «Lakini huyu ni Shemwindo.»

Vijana hawakuelewa. Sisi tulioketi kwenye benchi za ISP tulielewa, na tukaona aibu kidogo, maana hadithi ile tulisoma kwa ajili ya mtihani tukaiacha palepale kwenye mtihani.

Mwindo ni shujaa wa Wanyanga, jirani zetu wa Walikale. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee Candi Rureke aliimba hadithi yake muda wa siku 12, akicheza na kusimulia, huku maneno yake yakiandikwa. Kitabu cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, kilitoka Marekani mwaka 1969. Tunataja hayo kwa sababu watoto wetu wanadhani mashujaa wote wanatoka ndani ya televisheni.

Shemwindo alikuwa mtemi wa kijiji cha Tubondo, mwenye wake saba. Aliwaambia: zaeni wasichana tu. Atakayezaa mvulana, mvulana huyo nitamwua. (Msichana analeta mahari, mvulana anatoa mahari, wengi wanaeleza hivyo. Baba wa mwenzetu alitaka kinyume chake, lakini mnaona wenyewe kwamba hesabu ni ileile: mtoto anapimwa kabla hajalia.) Mke aliyependwa kuliko wote akazaa mvulana. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema, na mkononi alikuwa na usinga wake, ambao Wanyanga wanauita conga.

Baba yake akamtupia mikuki, haikumpata. Akamzika mzima, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma, ngozi ikashonwa, ngoma ikatupwa mtoni. Mara tatu, mama zetu. Hii si hasira ya siku moja ambayo mtu anaamka asubuhi anajuta.

Ngoma ile ilielea mpaka kwa shangazi yake, Iyangura, dada wa Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Mlinzi wa Mukiti, Kasiyembe, alimtegea Mwindo mashimo yenye nyembe. Mwindo akamteketeza Kasiyembe nywele za kichwa na kuyakausha maji, hata Mukiti naye akakauka. Hapo Iyangura akatoka nje akamwomba mtoto wa kaka yake aupanue moyo wake, awaponye. Mwindo akapunga usinga, wakasimama wote wawili.

Tunawaomba mkumbuke hapo. Mara ya kwanza shujaa huyu anapomwokoa adui, hakuwaza peke yake chini ya mti. Shangazi alisimama mbele yake. Sisi tuliposoma zamani hatukuliona jambo hilo, tuliandika tu «Mwindo ni mwema» na profesa akatupa alama.

Kwa kweli si mwema hivyo. Alikwenda kwa wajomba zake wahunzi, wakamvika chuma, akarudi kupiga Tubondo. Wajomba walipouawa katika vita alimwita Nkuba, yaani Radi, kutoka mbinguni, na kijiji chote kikaungua, wenye makosa na wasio na makosa. Shemwindo peke yake alikimbia. Aling'oa mmea mmoja wa msituni, akaingia chini ya ardhi kwa njia ya shina lake, kwa Muisa, mwenye nchi ya wafu. Mwindo akamfuata. Akampiga Muisa mpaka akafa, kisha akamfufua. Shemwindo akakimbia tena, kutoka kwa mungu mmoja mpaka kwa mwingine, bila usingizi, chakula kisimkae tumboni, mpaka kwa Sheburungu. Kwa huyo Mwindo alicheza mchezo wa kamari. Alianza kwa kushindwa vyote alivyokuwa navyo, kisha akarudisha kila kitu, na mwisho akashinda baba yake mwenyewe.

Basi amemshika. Mzee amechoka, hana kijiji, hana pa kukimbilia. Mwana ana usinga unaoua na kufufua. Katika filamu wanazoangalia vijana wetu kwenye nyumba za video, hapo muziki unapanda, adui ananing'inia kwenye jabali kwa vidole viwili, shujaa anampa mkono, na adui mkononi ana kisu. Kwa hiyo adui anaanguka mwenyewe na shujaa anarudi nyumbani na mikono safi. Njia hiyo ni rahisi mno. Mwandishi anamwua adui kwa niaba ya shujaa, na sisi tunapiga makofi.

Rureke hakuimba hivyo. Mwindo alimrudisha baba yake Tubondo akiwa hai. Iyangura akamwambia awafufue kwanza watu wa kijiji, maana mtu hawezi kuwa mkubwa juu ya majivu. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Halafu baraza likakaa. Mwindo aliita viti vitatu vya shaba, vikapanda juu ya watu. Yeye akaketi upande mmoja, baba upande wa pili, na katikati wakamweka shangazi.

Yaliyosemwa barazani ndiyo tuliyoyasimulia Jumamosi, taa ikiwa imekwisha kuwashwa. Shemwindo alisema mabaya yake yote mbele ya watu, moja baada ya moja, hakuficha. Iyangura alimgombeza kaka yake, tena hakumgombeza yeye tu. Aliwageukia na wazee wa baraza: mlikuwa wapi siku alipotoa amri ile? Kama mmoja wenu angemshauri, tusingefika hapa. Na Mwindo akasema baba yake asiogope, hasira imekwisha. Kisha nchi ikagawanywa: baba mlima mmoja, mwana mlima wake.

Tulipofika kwenye wazee wa baraza, chumba kilinyamaza. Mama mmoja wa miaka mingi, jirani wa zamani wa familia ile, alisema kwamba siku vyombo vilipotupwa mvuani yeye alikuwa ukutani kwake anatazama. «Sisi wote tulitazama,» alisema. «Nilifunga mlango kwa sababu ya mvua.» Yeye ndiye wa kwanza aliyeweka noti mezani, si kutoka kisandukuni, kutoka kitenge chake.

Hatutaki mfikiri hadithi ilimaliza ugomvi. Mwenzetu mwenyewe alitujibu, na jibu lake tumelibeba juma lote. Alisema: Mwindo alisamehe kwa sababu baba yake hakuweza kumwua. Mikuki haikumpata. Kaburi halikumshika. Mdogo wangu hakuwa na usinga.

Siku ya Jumatatu tulisimulia hadithi hiyohiyo darasani, mwaka wa sita wa msingi, bila kusema neno la mwenzetu. Tuliwauliza watoto: mngekuwa Mwindo, mngefanya nini na Shemwindo kwa Sheburungu? Wavulana wengi walisema auawe. Msichana mmoja wa benchi ya nyuma, ambaye kwa kawaida tunamwita mara mbili kabla ajibu, alisema angemwacha palepale aendelee kukimbia. Tukamwuliza kwa nini. Akasema: «Kwa sababu akimrudisha nyumbani itabidi ampikie.» Darasa likacheka. Sisi hatukucheka sana, maana ndilo swali lenyewe. Kumwokoa mtu na kuishi naye ni kazi mbili, na katika nyumba zetu kazi ya pili inamwangukia nani? Huyo mzee akitoka hospitali, nani atamfua nguo?

Wenye vitabu vya Kiswahili wanamjua pia Adili, wa Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze. Nduguze, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini kwa wivu wa mchumba. Majini wakawageuza manyani, na Adili akapewa amri ya kuwachapa kila usiku. Aliwachapa, kisha akawafuta machozi na kuwalisha. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini inatuchosha kidogo: Adili ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, hata jina lake limekwisha kutuambia. Mwindo tunamwamini zaidi kwa sababu aliunguza kijiji kwanza. Hata hivyo yale mapigo ya kila usiku tunayafahamu. Kuna wanawake katika chama hiki ambao hawajamchapa mtu yeyote kwa mkono, lakini kila usiku, kabla ya usingizi, wanamchapa mmoja moyoni, na asubuhi ni wao wanaoamka wamechoka.

Turudi Jumamosi. Kura haikupigwa. Mwenyekiti alisema jambo la kupiga kura ni bei ya sabuni, si baba wa mtu. Noti ziliendelea kuwekwa mezani, nyingine mia tano, nyingine elfu. Wawili hawakutoa, na hatutawataja wala kuwalaumu, wana sababu zao. Zilizopungua zilitoka kisandukuni kama mkopo wa kawaida, kwa riba ileile ya kila mtu. Mwenzetu alitia kidole kwenye daftari. Akasema kwa sauti, ili tuwe mashahidi: nitamlipia kisu na dawa. Nyumbani kwangu hataingia.

Wengine walinung'unika kwamba wema wa nusu si wema. Bibi wa Lubutu akawakumbusha ile milima miwili. Mwindo na Shemwindo hawakula sahani moja tena, kila mtu alikaa kwake, na nchi ikatulia.

Mzee alipasuliwa usiku uleule, karibu na saa tano. Ameamka. Dada wawili wa chama wanapeleka uji kwa zamu, Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine mtoto wa ndugu yake anatoka Mikelenge. Kaka wa mama marehemu ameandikiwa, pamoja na ukoo wa upande wa baba, ili akitoka kuwe na baraza la familia na nyumba ya kukaa ipatikane upande wa Kibombo. Mwenzetu alifika hospitali mara moja, siku ya Jumatano. Alisimama mlangoni mwa chumba. Mzee alimtambua, akageukia ukuta. Hajasema neno bado. Kiti cha katikati tumekiandaa, na tumekwisha kujua shangazi yupi atakikalia: dada wa mzee yuko hai, anaishi Alunguli, na amesema atavuka na mtumbwi wa kwanza siku atakayoitwa.

Mkutano ujao ni Jumamosi saa nane kamili, si saa tisa, kwa ajili ya wenzetu wa ng'ambo. Wanaodaiwa waje na daftari zao.