Unataka Sh9,000 mkononi? Usiombe Sh9,900

Shule zikikaribia kufunguliwa, simu za wazazi hazipumziki. Tuseme karo iliyobaki ni Sh9,000 na umeamua kuchukua mkopo kwa simu. Masharti yanasema ada ni asilimia 10, na inakatwa kabla pesa hazijaingia kwako. Je, utaomba ngapi?

Wengi hupiga hesabu ya haraka: asilimia 10 ya 9,000 ni 900, basi naomba 9,900. Pesa zinaingia, unaangalia salio, unapata Sh8,910. Umepungukiwa na Sh90, na mkopo tayari unao.

Hakuna aliyekuibia. Ada haikukatwa kwa 9,000, imekatwa kwa 9,900 uliyoomba. Ushuri wa 9,900 ni 990.

Kumbuka akisami

Unakumbuka akisami za shule ya msingi? Nusu, thuluthi, robo, humusi, hadi ushuri. Kila moja ina swali lake: ni sehemu ya nini? Nusu ya chapati si sawa na nusu ya gunia. Asilimia 10 ni ushuri, yaani 1/10, lakini ushuri wa pesa gani? Hapo ndipo shilingi zako hupotelea.

Geuza sehemu juu chini

Muulize mwenye duka. Ana gunia la sukari la kilo 50 na anapima robo robo. Atapata pakiti ngapi? Kila kilo inatoa robo nne, kwa hivyo 50 mara 4 ni pakiti 200. Amegawanya kwa 1/4, lakini alichofanya ni kuzidisha kwa 4. Ndiyo kanuni yenyewe: kugawanya kwa sehemu ni kuigeuza juu chini, kisha kuzidisha.

Sasa rudi kwa mkopo. Ushuri ukikatwa, unabaki na 9/10. Hizo 9/10 ndizo unataka ziwe Sh9,000. Gawanya 9,000 kwa 9/10, yaani:

9,000 × 10/9 = 10,000

Omba Sh10,000. Ada ni 1,000, zinazoingia ni 9,000 kamili. Karo imetosha.

Jipime: ada ni humusi (1/5), inakatwa mwanzoni, nawe unataka Sh6,000. Unabaki na 4/5, kwa hivyo zidisha kwa 5/4. Jibu ni Sh7,500.

Lakini ngoja, hiyo ni asilimia 10 kweli?

Umepokea 9,000, utarudisha 10,000. Ile 1,000 si ushuri wa pesa ulizotumia, ni 1/9 yake, zaidi kidogo ya asilimia 11. Mkopeshaji mwingine akikupa 9,000 kamili halafu aongeze asilimia 10 wakati wa kulipa, utarudisha 9,900. Wote wawili wameandika "asilimia 10", ila mmoja anakugharimu shilingi mia zaidi.

Mia moja unaweza kusema si kitu. Lakini tuseme mkopo ni wa mwezi mmoja, na kila ukilipa unakopa tena papo hapo ili mambo yaende. Kwa miezi 12 utakuwa umelipa ada ya Sh12,000 ili kutumia Sh9,000 zile zile. Ada imeupita mkopo, na deni la mwisho bado ni lako kulipa.

Kabla ya kubonyeza "Kubali"

- Soma kama ada inakatwa mwanzoni au inaongezwa mwishoni.
- Ikikatwa mwanzoni, tafuta sehemu inayobaki, igeuze juu chini, zidisha na pesa unazohitaji.
- Gawanya ada kwa pesa zitakazoingia mkononi, si kwa pesa ulizoomba. Hiyo ndiyo bei halisi ya mkopo.
- Ukijua utakopa tena mwezi ujao, zidisha ada kwa idadi ya miezi kwanza, kisha uamue.

Simu uliyoshika ina kikokotoo. Kifungue kabla ya kuweka namba ya siri. Hesabu yenyewe haimalizi dakika moja, lakini deni utakaa nalo mwezi mzima.