Meno ya Kuchongwa na Joto la Leza

Kwa Kiswahili chonge ni lile jino kali la pembeni, na kuchonga ni kukipunguza kitu kwa chuma hata kipate ncha au sura. Maneno haya mawili yakutana katika desturi ya zamani ya Wamakonde, ambao hawakuchonga mpingo tu, bali na meno yao ya mbele. Karl Weule wa Leipzig alipofika Masasi na kupanda mpaka Newala mwaka 1906, mapambo ya mwili, yaani chale, ndonya na mengineyo, yalikuwa bado na nguvu katika nchi hizo. Siku hizi kuchonga meno kumepungua mno, ila sura za mapiko zingali zikionyesha meno yaliyochongoka.

Jino lina tabaka mbili ngumu. Ya nje ni enameli, ambayo sehemu kama 96 katika 100 za uzito wake ni madini. Haina uhai, nayo ikitoka haioti tena. Ya ndani ni dentini, yenye madini kiasi cha 70 katika 100. Kilichosalia ni maji na nyuzi za kolajini. Dentini imetobolewa na vijia vyembamba sana viendavyo kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Chuma kikiimegua enameli, vijia huwa wazi, na maji baridi au embe bichi hutia meno ganzi. Walakini kiini hakikai bure: hujijengea dentini mpya kwa ndani, na kwa hiyo jino lililochongwa kwa kiasi laweza kudumu miaka mingi. Fundi akizidisha kina, kiini hufa, na usaha hufuata.

Tena tupa husugua, na msuguo huzaa joto. Joto ndilo lililowashughulisha wataalamu tangu Theodore Maiman alipofanya leza ya kwanza, huko Marekani, mwaka 1960. Mwaka 1964 Stern na Sognnaes walikwisha kuuelekeza mwanga huo kwenye meno. Enameli iliyeyuka ikaganda mfano wa kioo. Dentini, kwa sababu ya kolajini yake, iliungua ikaacha shimo jeusi. Baadaye ilionekana kuwa enameli iliyopashwa joto hivyo huliwa na asidi polepole zaidi, kwa kuwa joto huifukuza kaboneti iliyo dhaifu ndani ya madini. Faida hiyo ina gharama, maana enameli ipoapo yaweza kupata nyufa.

Hatari kubwa imo kiinini. Mwaka 1965 Zach na Cohen waliyapasha moto meno ya kima: joto la kiini lilipopanda kwa digrii 5.5 tu, viini 15 katika 100 havikupona. Si kweli, basi, kwamba mwanga usiogusa jino hauliumizi.

Leza za erbiamu zilizokuja baadaye hufuata njia nyingine. Mwanga wake hunywewa na maji yaliyomo jinoni. Maji hugeuka mvuke ghafula na kurusha vipande vidogo vya jino, huku maji mengine yakinyunyizwa ili kulipoza. Kwa leza ya kwanza kitenzi kuchoma kilitosha. Kwa hii ya pili kitenzi kilicho sahihi zaidi ni kile kile cha mafundi wa Newala, kuchonga.