Kuweweseka Baada ya Upasuaji wa Ubongo: Alivyokuja Navyo Mgonjwa na Alivyovikuta Wodini

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya majeruhi wa kichwa: kijana wa bodaboda aliyegongwa karibu na Msamvu, njia za Dodoma na Iringa zinapoachana, na mzee aliyeanguka kutoka kwenye mkarafuu huko Matombo, katika miteremko ya Uluguru. Anayehitaji upasuaji wa ubongo mara nyingi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), takriban kilomita 190 kutoka Morogoro mjini.

Leo tuanzie pale upasuaji ulipokwisha salama na ndugu wakashusha pumzi. Siku ya pili au ya tatu, mzee anaanza kung'oa mipira, anamwita kaka yake aliyekwisha kufariki, na mkewe hamtambui. Ndugu wanashtuka. Mmoja anasema amepandwa na mashetani, mwingine anasema madaktari wamemharibu kichwa.

Kitabibu hali hiyo huitwa deliriamu. Nyumbani tunasema anaweweseka. Si wazimu. Ni ubongo uliolemewa, ukashindwa ghafla kushika umakini. Hali hupanda na kushuka: asubuhi anaongea vizuri, usiku anapotea. Wapo pia wanaoweweseka kimya. Hawa hulala tu, hawajibu wala hawali, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, ndio wanaosahaulika zaidi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, Wesley Ely na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa mahututi waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Ndani ya miezi sita, asilimia 34 ya walioweweseka walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 15 ya wasioweweseka.

Kuna vyanzo ambavyo mgonjwa huja navyo. Umri wa miaka 65 na zaidi ni kimojawapo, pamoja na usahaulifu wa uzeeni, kiharusi cha zamani, shinikizo la damu, na macho au masikio yasiyofanya kazi vizuri. Uzito wa jeraha lenyewe ni kingine. Hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Kadiri alama zinavyokuwa chache, ndivyo hatari inavyoongezeka.

Kisha kuna pombe. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla, mtetemeko mkali wa kuchanganyikiwa huweza kumpata kati ya saa 48 na 96 baada ya kinywaji cha mwisho. Ndugu wengi huficha habari za gongo kwa kumwonea aibu mzee wao. Naomba sana, mwambieni daktari ukweli, maana kinga yake inajulikana.

Vyanzo vya kundi la pili mgonjwa huvikuta wodini, na hapo ndipo penye matumaini. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu na midazolamu huongeza hatari. Vivyo hivyo maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa oksijeni, sukari iliyoshuka, maambukizi ya mapafu au ya mkojo, na kwa mtu aliyetoka bonde la Kilombero, malaria. Chumvi ya sodiamu, ambayo kawaida huwa kati ya 135 na 145, hushuka kwa urahisi ubongo unapoumia. Ongeza taa zisizozimwa, milio ya mashine usiku kucha, na mikono iliyofungwa kitandani. Kumfunga mgonjwa huonekana kumlinda, lakini mara nyingi humzidishia hofu na fujo.

Hata hivyo, tusiite kila mkanganyiko kuweweseka. Baada ya upasuaji wa kichwa, damu huweza kuvuja upya, maji kujaa ndani ya ubongo, au kifafa kutokea bila mwili kurusharusha. Ndiyo maana badiliko lolote muuguzi aelezwe papo hapo. Ana kipimo chepesi cha umakini: humsomea mgonjwa herufi kumi, naye aminye mkono kila asikiapo A. Aliyeumia sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha anaweza kushindwa bila kuwa anaweweseka, kwa hiyo kipimo hicho kinataka jicho la mzoefu.

Ndugu nanyi mna kazi. Mpelekeeni mzee miwani yake. Mwambieni leo ni siku gani, yuko wapi, na nyinyi ni akina nani. Kama Kiluguru ndiyo lugha ya moyo wake, semeni naye Kiluguru. Msibishane na anayoyaona, wala msimfungue mipira. Tajeni kila dawa aliyokuwa akitumia, ya duka na ya miti shamba.

Nasi tulio upande wa hospitali tusimwone ndugu aliyetoka Matombo kuwa ni mtu wa kungoja getini. Anajua mambo ya mgonjwa ambayo hakuna mashine itakayotuambia, na sauti yake ni sehemu ya tiba. Saa za kumwona mgonjwa zipangwe kwa kulijua hilo, na usiku taa zipunguzwe ili ubongo uliojeruhiwa upate kulala.

Wiki ijayo tutazungumzia kurudi nyumbani: kumbukumbu, hasira na kazi baada ya jeraha la kichwa.