Joto la Chicago na Bei ya Kivuli

Mnamo Julai 1995 jiji la Chicago nchini Marekani lilikumbwa na wimbi la joto, yaani mfululizo wa siku ambazo joto hupita kwa mbali kiwango kilichozoeleka mahali hapo. Tarehe 13 kipimo kilifika nyuzi 41 za Selsiasi, na kwa kuwa hewa ilikuwa imejaa unyevu, jasho halikukauka mwilini wala usiku haukuleta nafuu. Watafiti waliolinganisha vifo vya juma hilo na vya majuma kama hilo katika miaka ya kawaida walipata vifo 739 vya ziada. Mochari ilifurika hata malori ya friji yakaletwa kuhifadhi maiti.

Lami, saruji na matofali hufyonza joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, hivyo jiji hugeuka kile ambacho wataalamu hukiita kisiwa cha joto, lenye joto kuliko mashamba yanayolizunguka. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kuonyesha ni nani aliyekufa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu chake Heat Wave cha mwaka 2002, alilinganisha North Lawndale na South Lawndale, mitaa miwili inayopakana, yenye hali moja ya hewa na wazee maskini wanaoishi peke yao kwa viwango vinavyokaribiana, akakuta kwamba kiwango cha vifo katika mtaa wa kwanza kilikuwa takriban mara 10 ya kile cha pili. North Lawndale ilikuwa imekimbiwa na viwanda, maduka na wakazi wake wengi, na wazee waliobaki walijifungia ndani kwa kuhofia uhalifu; South Lawndale ilikuwa na barabara zenye shughuli na maduka ambamo mzee aliweza kuingia, akapoa na kujuliwa hali. Ujirani, basi, ni kinga ya afya kama yalivyo maji safi.

Uongozi nao ulipimwa. Meya Richard M. Daley alitilia shaka hadharani takwimu za Edmund Donoghue, mkuu wa uchunguzi wa vifo, ambazo baadaye zilithibitika. Joto kali liliporudi mwaka 1999, jiji lilitoa tahadhari mapema na kuwatuma watumishi kuwatembelea wazee majumbani. Waliokufa walikuwa takriban 110, idadi ambayo bado inasikitisha.

Dawa ya joto la mijini inayopendekezwa sana leo ni miti na bustani, lakini kivuli nacho kina bei. Mwaka 2015 Chicago ilifungua The 606, njia ya kutembea yenye miti iliyojengwa juu ya reli ya zamani, na katika sehemu yake ya magharibi, zilikoishi familia nyingi za kipato cha chini zenye asili ya Amerika ya Kilatini, bei za nyumba zilipanda sana. Mtaa unapopandishwa hadhi hivyo, wakazi wa zamani hushindwa kumudu kodi, na anayehama hupoteza kivuli pamoja na jirani ambaye angembishia hodi siku ya joto. Baraza la jiji liliidhinisha ada ya majaribio kwa wanaobomoa nyumba katika eneo hilo mwaka 2021, miaka 6 baada ya njia kufunguliwa, wakati familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuhama.